Kutu Kwenye Jeneza Jipya

Biti mbovu ya kutobolea chuma unaijua kwa pua kabla hujaijua kwa macho. Unaikandamiza drili juu ya chuma, na badala ya kupata nyuzi ndefu zinazojikunja na kudondoka miguuni, unapata unga, moshi na harufu ya kitu kilichoungua. Nimeinusa harufu hiyo kwenye karakana za watu wengi, na kila nikiinusa hasira hunipanda hadi kichwani. Mke wangu anasema mimi ni mtu wa kugombana na vitu visivyo na masikio. Huenda ni kweli.

Mimi ni fundi wa chuma. Karakana yangu iko Kiembe Samaki, na kazi yangu kubwa siku hizi ni stenlesi: reli za ngazi na vizuizi vya baraza za hoteli za Matemwe na Nungwi, ambako chumvi inakila chuma cha kawaida kabla rangi haijakauka. Stenlesi haishiki kutu, lakini ina kiburi chake. Ukiitoboa kwa biti butu haitoboki, na pale ulipoisugua panazidi kuwa pagumu, hata ukirudi na biti nzuri nayo inateleza tu. Biti nzuri, zile zilizotiwa madini ya kobalti, hazina uzuri wa kutazama. Rangi yake imefifia kama chai ya maziwa iliyolala. Zile zinazong'aa kama dhahabu, zilizopangwa kwenye kiboksi cha plastiki chenye kifuniko cha kuonea, nyingi ni za kuzikimbia. Dhahabu yenyewe ni ya juu juu, nayo huisha kwenye tundu la kwanza.

Haya yote nilifundishwa na baba. Yeye alikuwa fundi kabla yangu, na hadi mwisho wake drili ya umeme aliiita keekee, kwa jina la ile ya kuzungusha kwa mkono aliyoanzia nayo kazi. Kumfuata baba dukani kununua biti ilikuwa fedheha. Alimtaka muuzaji azitoe zote, kisha aliziviringisha moja moja juu ya kioo cha kaunta kuona kama ipo inayoyumba, halafu akaburuta ncha yake juu ya ukucha wa kidole gumba. Biti kali hukwangua ukucha ikaacha unga mweupe, butu huteleza. Wauzaji wa soko la Darajani wakimwona anakuja walianza kupanga vitu ambavyo havikuhitaji kupangwa. Mara nyingine alitoka na biti moja, mara nyingine mikono mitupu, na wala hakuona haya.

Halafu macho yakamwacha. Daktari alisema ni presha ya macho, na kwamba uoni uliokwishapotea haurudi. Dunia yake ilianza kupungua pembeni mpaka akawa anatazama kama mtu anayechungulia ndani ya paipu, na mwisho hata hapo katikati pakaingia ukungu. Akaacha kuja karakana. Alikuwa akiishi nasi, mimi na mke wangu, kwenye nyumba yetu ya Mji Mkongwe, ghorofa ya pili, na siku zake zikawa ni kushuka ngazi kwenda msikitini akishikilia ukuta, kisha kupanda tena. Siku moja aliniambia, wala si kwa kulalamika, kwamba madirisha aliyoyatia nondo na mageti aliyoyafunga katika mji huu yote yameshaliwa na kutu au yameng'olewa na wenye mahoteli, na kwamba hajui ni kitu gani cha mkono wake ambacho bado kimesimama. Nilimtajia geti moja la skuli. Akanijibu kwamba geti lile lilishaondolewa zamani, ila mimi ndiye sijapita huko.

Msikiti wetu ulikuwa na jeneza la chuma lililopakwa rangi ya kijani, kuukuu kuliko mimi. Wakati tunamshusha kutoka ghorofani marehemu bibi mmoja wa nyumba ya nyuma yetu, kwenye kona ya ngazi, mkono mmoja wa jeneza ulikatika ulipoungana na fremu. Ndani ulikuwa umebaki ganda la rangi na kutu tu. Maiti aliteleza, na wanaume waliokuwa chini wakamzuia kwa vifua vyao. Hakuanguka, lakini mwanawe alikuwepo, na aliona. Tulipotoka makaburini kila mtu alikwenda kwake akiwa na aibu yake.

Ndipo kamati ya msikiti ikaamua litengenezwe jeneza jipya la stenlesi, lenye mikono inayokunjika, kwa sababu ngazi zetu na vichochoro vyetu haviruhusu kitu kirefu kugeuka. Mkono ukifika kwenye kona unachomolewa pini, unakunjwa, mnapita, unanyooshwa tena na pini inarudi. Kwa hiyo matundu ya pini ndiyo roho ya jeneza. Yakiwa yamepinda, mkono utacheza, na tutarudi kule kule kwenye ngazi ya yule bibi. Kazi nikapewa mimi.

Kwetu kazi kama hiyo haina ujira, na kila mtu mtaani anataka awe na sehemu yake ya thawabu. Mmoja alileta mapaipu, mwengine vyuma vya kuchomelea, mwengine ambaye hana kitu alileta matambara ya kufutia na chupa ya chai. Atakachokileta mtu kwa ajili ya jeneza hakirudishwi. Kumrudishia ni sawa na kumfungia mlango wa kheri usoni, na sijaona mtu aliyethubutu. Desturi hiyo sikuwa na ugomvi nayo mpaka baba alipoleta na yeye cha kwake.

Alikwenda Darajani peke yake, kwa kupapasa kuta na kuuliza watu. Jioni alinikabidhi kiboksi cha plastiki, akakaa kitandani akingoja nikifungue. Zilikuwa biti, zimepangwa kwa saizi, zinang'aa kama bangili za harusi.

"Za kutobolea mikono," aliniambia. "Nnataka na mimi niwemo."

Kidogo kidogo nikamdodosa ilikuwaje. Muuzaji alimwambia ni za Ujerumani, maalumu kwa stenlesi. Baba aliomba kufungua ajaribu ukuchani, akaambiwa kiboksi kikishafunguliwa kimeshanunuliwa. Kaunta nayo siku hizi si ya kioo, ni ya mbao iliyopigwa karatasi. Baba wa zamani angegeuka akaondoka. Huyu nadhani alikuwa amechoka kuondoka mikono mitupu, na hakuwa na uhakika kama ataweza kufika tena.

Sikulala vizuri. Nilitaka kwenda kumshika yule muuzaji ukosi, na hata leo nikipita pale sigeuzi shingo. Lakini muuzaji hakuwa tatizo langu. Tatizo langu lilikuwa kwamba biti zile sikuweza kuzirudisha, wala sikuweza kuliamini tundu litakalotoka kwazo. Mwisho nikajiambia kwamba mikono mitatu nitaitoboa kwa biti zangu, na ule wa nne, wa mbele kulia, nitautoboa kwa ya baba, polepole, kwa mafuta mengi, na nikiona inachemka nitasimama. Nilidhani ujanja wangu utatosha kuiokoa biti mbovu. Kila fundi ana siku yake ya kudhani hivyo.

Baba akataka awepo. Nikampakia nyuma ya vespa, akanishika kiuno mpaka Kiembe Samaki, na karakana nikamkalisha kwenye benchi karibu na jiliwa, ile ya kubania chuma, kama nilivyokuwa nikikaa mimi utotoni yeye akifanya kazi. Nikatoboa ile mikono mitatu. Drili ilikuwa ikinguruma kwa sauti nzito ya chini, nyuzi zikitoka, na baba akitikisa kichwa taratibu kila tundu linapotokeza upande wa pili. Alikuwa akijua bila kuambiwa.

Kisha nikafunga biti yake. Nikaibana vizuri, nikapiga alama ya senta, kijishimo cha kuanzia tundu, nikatia mafuta, nikaanza kwa mwendo mdogo kabisa. Mwanzo ilikata. Kwa muda mfupi nilifurahi kijinga, nikafikiri labda nimemdhulumu muuzaji wa watu. Halafu sauti ikabadilika. Ngurumo ikapanda ikawa mlio mwembamba, moshi ukaanza, na ile harufu ikaja.

Baba aliacha kutikisa kichwa.

"Ndo zangu hizo?" akauliza.

Nikamwambia ndizo. Nikainua drili ili nisimamishe kazi, lakini ncha ilikuwa imeshang'ang'ania, na ilikatika kwa mlio mdogo tu, kama kijiti. Dhahabu yote ilikuwa imeshaondoka. Kipande kilichobaki kwenye drili kilikuwa cheusi, na kingine kilikuwa kimezama ndani ya paipu, kimelingana na uso wa chuma.

Nikazima drili. Uso wa baba sitaki kuueleza sana. Alikuwa mtu aliyetumia maisha yake kukwepa kitu kile kile kimoja, na sasa kilikuwa kimetoka mkononi mwake, mbele ya mwanawe, kwenye kazi pekee aliyotaka kuwemo. Aliinuka akanyoosha mkono. Nikamshika kidole nikakipeleka pale. Chuma kilikuwa bado cha moto, lakini hakuutoa mkono. Alipapasa, akapitisha ukucha, akapata mpaka wa kipande na paipu.

"Nimeingizwa mjini," akasema. "Na mjini nimezaliwa mimi."

Mimi nilicheka. Yeye hakucheka.

Nikamwambia kwamba hakuna kilichoharibika. Kile kipande kilishaungua, kimekuwa laini, na kwa biti yangu ya kobalti naweza kukitoboa kikatoka chote, nikaziba, nikasugua, pasijulikane kama palitokea kitu. Aliendelea kupapasa wakati nikizungumza.

"Wacha," akasema. "Wewe toboa pembeni. Mimi hapa panantosha."

Nikatoboa pembeni kwa biti yangu. Tundu likatoka safi, pini ikaingia, mkono haukucheza. Jeneza likapelekwa msikitini, watu wakalipiga kwa viganja na kulisifu, na baba akasimama karibu na mkono wa mbele kulia hadi walipolipandisha mahali pake.

Nilijua kitakachotokea, kwa sababu stenlesi haishiki kutu lakini chuma rahisi hushika. Haukupita muda, na kwa hewa yetu hii ya bahari, pale penye kipande pakaanza kutoka jasho la rangi ya karafuu, likateremka kwenye paipu nyeupe kama mchirizi wa machozi. Ukilifuta linarudi. Maneno yakaanza. Wengine walisema nimechanganya vyuma ili nibakie na mapaipu. Wengine, wapole zaidi, waliuliza stenlesi gani hii inayolia kutu. Mwenye hoteli mmoja wa Nungwi, ambaye ana ndugu mtaani kwetu, alisimamisha kazi yangu kwa muda mpaka aje kuhakikisha. Mimi nilinyamaza. Kusema ukweli kungekuwa kumsema baba, na jina langu lilikuwa na umri wa kuweza kustahamili.

Lakini mtu aliyepoteza macho husikia kila kitu. Siku moja alirudi kutoka msikitini, akakaa bila kuvua kofia, akaniambia niwaeleze kwamba ni yeye. Nikakataa. Akaniambia basi nikakitoe kile kipande. Nikakataa tena, na hapo nilimpandishia sauti, jambo ambalo halikuwa kawaida yetu. Nilimwambia kwamba kila kilicholetwa na mtu kimepokelewa, na chake kimepokelewa, kiko pale, na anayechukizwa na kutu alete tambara afute.

"Nlitaka niwemo," akaniambia. "Skutaka kuchafua."

Hatukulizungumza tena. Ila kuanzia hapo alianza kuswali nyumbani, kwa kisingizio cha ngazi, na najua haikuwa ngazi. Hilo ndilo linaloniuma mpaka leo kuliko yote. Miezi yake ya mwisho aliimaliza akiamini kwamba amelitia doa jeneza la mtaa mzima.

Alifariki wakati wa masika, asubuhi, baada ya kunywa uji wake akaulaza mgongo. Mvua ilikuwa ikinyesha kwa utulivu wa mvua isiyo na nia ya kuacha. Waliponiletea jeneza mlangoni nilikwenda moja kwa moja kwenye mkono wa mbele kulia. Kwenye kona ya ngazi tuliuchomoa pini, tukaukunja, tukampitisha baba, tukaunyoosha. Haukucheza hata kidogo. Kwa tundu lile la pembeni nilimshukuru Mungu, na lile jengine, lenye kipande cha biti ya baba, nililibana kwa kidole gumba.

Kwetu jeneza halibebwi na watu wale wale. Unachukua hatua chache, anayekuja nyuma anakugusa bega, unampisha, naye atampisha mwengine, ili kila mtu apate sehemu yake. Mimi siku ile sikupisha. Nilisikia mikono ikinigusa bega, mara ya kwanza kwa upole, kisha kwa kusisitiza, na mzee mmoja akaniambia sikioni kwamba niwaachie na wengine. Watu walikuwa wakihalili, la ilaha illallah, na mvua ikinichuruzika usoni. Niliushikilia ule mkono kutoka ngazi zetu mpaka kwenye gari, na kutoka kwenye gari mpaka kaburini. Tulipomaliza kumfukia nilitazama kiganja changu. Kilikuwa na kutu kwenye mistari yote, na kanzu yangu ilikuwa na alama yake kifuani. Mke wangu aliifua kanzu ile mara nyingi, na alama ilibaki.

Baada ya msiba nilirudi kazini kwa sababu sikuwa na pengine pa kwenda. Nilifanya kazi kwa mikono tu, akili haipo. Mimi siazimishi biti zangu za kobalti, wanaonijua wanajua. Mtu akija kuazima namhoji kama polisi: anatoboa nini, unene gani, ana mafuta, drili yake ina mwendo gani. Ila siku moja alikuja fundi mwenzangu wa karakana ya jirani, mtu wa makamo kama mimi, akaniomba biti ya stenlesi kwa kazi ndogo. Nikamnyooshea mkono kwenye rafu. Sikumuuliza lolote. Kesho yake akairudisha imefutwa na kupakwa mafuta, kama inavyotakiwa, akanishukuru kwa namna iliyozidi kidogo, akanishika bega kabla ya kuondoka.

Ukatokea msiba mwengine, wa mzee mmoja wa mtaani aliyekuwa akiuza kahawa. Nilifika tayari jeneza limeshatoka mlangoni na liko mabegani, linapita kichochoroni, watu wamejaa. Nikajipenyeza mpaka mbele kulia, nikamgusa bega aliyekuwa pale, akanipisha. Kidole changu kikaenda chenyewe mahali pake.

Hakikukuta kitu.

Nikadhani nimekosea, nikakisogeza mbele, nikakirudisha nyuma. Paipu ilikuwa laini, kavu, nyeupe mwanzo hadi mwisho. Nikageuza uso, na nyuma yangu, kwa bahati, alikuwa yule fundi jirani. Aliona ninavyopapasa. Akaniinamia, akaniambia kwa sauti ya chini kwamba kamati ilimwomba yeye aondoe ile kutu, kwa kuwa mimi nilikuwa na msiba na hawakutaka kunisumbua, na pia walitaka maneno ya watu juu yangu yakome.

"Ile biti yako, kaka, mashaallah," akaninong'oneza. "Kile kipande kimetoka chote."

Nilimuuliza amekiweka wapi. Hakunielewa. Aliniambia kilitoka vumbi, akakifagia.

Sikuwa na la kumlaumu. Kazi yake ilikuwa safi, kama ambavyo ningeifanya mimi, kwa biti ambayo ningeichagua mimi, kwa jinsi alivyonifundisha baba. Nilipitisha ukucha pale kutafuta mpaka, kama yeye alivyopitisha wa kwake, na ukucha uliteleza. Mtu akanigusa bega kutoka nyuma. Nikampisha.